TAHADHARI: Anayewatumia watu wa Mtwara "mapanga ya Amazon" (mimea ya tangi la samaki) kwa basi ni TAPELI

Naandika hii nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Nina tangi la samaki nyumbani, hapa Shangani, Mtwara. Safari hii nilitaka mimea ya upanga tu, ule mmea wa majini uitwao Echinodorus, wa kweli, niijaze ile kona ya pampu.

Jamaa ana ukurasa wa mimea ya majini, anasema yuko Dar. Sikukurupuka, nilimpigia kwanza. Akaniuliza, "Kaka, mchanga wako una kina gani? Upanga unakula kwa mizizi, chomeka vidonge vya mbolea chini." Akanionya nisifukie pale majani yanapochipukia, pataoza. Akasema vitaluni mapanga hukuzwa majani yakiwa nje ya maji, kwa hiyo ukiyazamisha majani ya zamani yatayeyuka, nisishtuke, mapya yatakuja. Yote hayo ni kweli! Nani angemshuku mtu anayejua hivyo? Nikatuma hela. Miche minne kwa 25,000 kila mmoja, na 10,000 ya basi. Ni hela iliyobaki kwenye malipo ya korosho, na mke wangu alikuwa ameshaipangia kazi.

Nilikaa stendi ya Mkanaledi tangu saa tisa mchana mpaka basi likaingia. Boksi limefungwa vizuri, magazeti yameloweshwa, majani mabichi yanang'aa, magumu. Nilimshukuru kwa simu palepale stendi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela, kwamba nilimwita "mtu mwaminifu". Usiku huohuo nikapanda, mwanangu kanishikia tochi.

Wiki ya pili majani yakageuka njano, kisha meusi kuanzia chini. Nikampigia. "Si nilikwambia yatayeyuka, kaka? Vumilia." Nikavumilia. Wiki ya nne mashina yakawa uji, maji yananuka, samaki wangu saba aina ya gapi wakafa, na yule jike wa mkia mwekundu akiwemo.

Shangazi akaja kutoka Lindi. Akainama kwenye kioo akaniuliza, "Baba, hili si ua la barazani? Mbona umelizamisha?" Kesho yake akanipeleka kwa mama anayeuza miche ya maua. Limejaa pale kwenye viriba, lile linalotoa ua jeupe kama kijiko. Shilingi 3,000! Ni mmea wa chungu, mizizi inavumilia maji lakini majani yakizamishwa yote linaoza taratibu, na huo utaratibu ndio unampa yule tapeli muda wa kukwambia uvumilie.

Nilipomtumia picha akasoma, akanifungia. Mpaka leo.

Huyu mtu akamatwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, haikutungwa kwa ajili ya wanaotukana viongozi peke yao. Namba yake nimeshaituma 15040, kule tunakoripoti namba za matapeli, na kesho naingia polisi na risiti ya muamala. Arudishe hela, alipe na samaki, afungiwe ukurasa, awekwe ndani ajue uchungu wa hela ya mtu. Amejifunza mambo ya mimea ili atuibie nayo! Kama na wewe alikuuzia, njoo tuandikishe pamoja, mmoja mmoja watatupuuza.

Mnaotaka kununua, jani la upanga mishipa yake mikubwa inakimbia kwa urefu kutoka kwenye kikonyo hadi nchani. La kwake mishipa ilikuwa inatoka katikati kwenda pembeni, nikaiona nikanyamaza. Pia dai picha ya mmea ukiwa ndani ya maji, una jani jipya. Zake zote zilikuwa mezani.

Ukurasa keshabadilisha jina mara moja, ila picha ya boksi jeupe juu ya meza ya bluu ni ileile.