Made in Dagenham: nimeichelewa sana hii muvi

Muvi ni ya 2010 ila mi nimeicheki juzi tu. Inahusu wale kina mama 187 wa kiwanda cha Ford pale Dagenham, Uingereza, walikuwa wanashona makava ya siti za magari, wakagoma Juni 1968 sababu kampuni iliwaweka daraja B, yaani eti hawana ujuzi, we jaribu kushona kava la siti uone! Wiki tatu hivi kazi ikasimama, maana gari bila siti nani atanunua. Sally Hawkins kaua akiwa Rita, kiongozi wa mgomo, na Miranda Richardson akiwa waziri Barbara Castle ule ukali wake nilicheka peke yangu sebuleni. Kilichoniboa wameiweka tamu mno, unabaki na shangwe za 92% ya mshahara wa wanaume na sheria ya malipo sawa ya 1970, wakati daraja C, lile la wenye ujuzi zaidi, wenyewe walikuja kulipata baada ya kugoma tena 1984. Halafu Rita katungwa tu, hakuwepo. Nyota 4, na msizime mapema, mwishoni wanatokea kina mama wenyewe