Bebas Neue: uzoefu wangu na fonti isiyo na herufi ndogo

Neno lililonipeleka kwa Bebas Neue ni USAFIRISHAJI. Lina herufi 12, na mteja alilitaka ubavuni mwa kasha la mbao, lisomeke na mtu aliyesimama upande wa pili wa ghala. Fonti za kawaida zilinigomea: nikikuza herufi, mbili za mwisho zinatoka nje ya ubao, nikizipunguza zienee, neno linabaki ukanda mfupi katikati ya kasha, ubao mtupu juu na chini. Nilipoweka Bebas, neno lilienea kwa upana na bado likasimama kwa urefu. Herufi I zake tatu hazikula nafasi yoyote ya maana.

Tangu siku hiyo nimeitumia karibu kila wiki kwa mabango, lebo, fulana na vibao vya tahadhari, na naamini fonti nyembamba za namna hii zinakifaa Kiswahili kuliko Kiingereza. Wao wana maneno ya silabi moja. Sisi tunabeba mtendaji, wakati na ukanushi ndani ya neno moja, kisha tunaombwa tuliandike HATUTAWAJIBIKA kwenye kibao cha upana wa mkono.

Aliyeichora ni Mjapani, Ryoichi Tsunekawa wa Dharma Type, kampuni ya kuchora fonti, na ilitoka mwaka 2010. Ukiitazama O yake, mbavu zake zimenyooka kama kuta na pembe tu ndizo zimeviringwa. Mtindo wenyewe ni wa zamani. Morris Fuller Benton aliichora Alternate Gothic kwa kampuni ya American Type Founders mwaka 1903 kwa shida hiyohiyo ya maneno makubwa kwenye nafasi finyu. Bebas ni ya bure chini ya leseni ya SIL Open Font: unaruhusiwa kuitumia kwa kazi za biashara na hata kuirekebisha, ila huruhusiwi kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Sasa makosa, mengi yakiwa yangu.

La kwanza ni vipimo. Mteja aliomba herufi za kukata kwenye stika, kimo sentimita 10. Ukubwa wa fonti kwenye kompyuta huandikwa kwa pointi, basi nikapiga hesabu: sentimita 10 ni pointi 283. Nikakata, nikabandua, nikapima: sentimita 7. Pointi hupima kisanduku chote cha herufi, pamoja na nafasi iliyoachwa juu na chini, na herufi za Bebas huchukua takriban saba ya kumi ya kisanduku hicho. Nilitakiwa kuandika pointi 405. Roli nzima ya stika ilikwenda na somo hilo.

La pili bado linanichekesha. Niliombwa kikaratasi cha ukutani chenye nywila ya intaneti. Nikakiweka kwa Bebas, kikapendeza, na hakuna aliyefanikiwa kuingia. Fonti hii haina herufi ndogo kabisa: ukiandika ndogo inakupa kubwa. Nywila ilikuwa na mchanganyiko wa zote mbili.

Kwenye lebo za mitambo kasoro hiyo si ya kuchekesha. mA (miliampia) na MA (megaampia) ni vipimo viwili vya umeme vilivyoachana mara bilioni moja, na kwa Bebas vinaandikwa sawasawa. kV inageuka KV, kg inageuka KG. Kwa hiyo namba kubwa naiacha Bebas, kipimo nakiandika kwa Oswald ya Vernon Adams, ambayo nayo ni nyembamba na ya bure, lakini ina herufi ndogo na unene wa ngazi kadhaa. Bebas ya bure ninayoitumia ina unene mmoja tu. Ukibonyeza kitufe cha kukoleza, kompyuta inazinenepesha herufi kwa nguvu, na matundu ya A, B na R yanaanza kuziba. Usikibonyeze.

Kuna jambo la WA, TA na YA. Kiswahili kimejaa jozi hizi, na zikiandikwa kwa herufi kubwa huacha pengo kati ya herufi na herufi. Fonti imebeba maelekezo ya kuzisogeza, lakini programu lazima iyatii. Katika Microsoft Word niliikuta huduma hiyo imezimwa, na WATAWALA likasomeka kama maneno mawili yaliyogombana. Nikaiwasha, likatulia. Kwa bango kubwa bado huwa nazisogeza kwa mkono.

Raha yake kuu kwangu ni mistari. Kwa kuwa hakuna mikia ya g, j wala y inayoshuka chini, unaweza kubananisha mistari mitatu hadi ikawa tofali moja. Pointi 100 za herufi, 85 kutoka mstari hadi mstari, na bango limejengeka. Ila likivuka maneno kama manane macho yanachoka, maana kila neno lina umbo lilelile la mstatili. Na chini ya pointi 10 sithubutu. Kwenye lebo moja ndogo nilisoma B nikidhani ni 8, na lebo niliiandika mimi.

Lile kasha la USAFIRISHAJI lilirudi majuzi kupakwa rangi upya. Mteja anataka chini yake niongeze USIPINDUE. Fonti ileile, amesema, ila safari hii nipime kwanza kwa rula.