Rimuva ilitoa rangi, lakini aliyeniuzia nusura anizike

Nianze kwa haki: rimuva yenyewe, yaani dawa ya kutoa rangi ya zamani kwenye mbao, inafanya kazi. Kabati la mvule aliloniachia marehemu baba lilikuwa limepakwa rangi ya mafuta, kijani juu ya nyeupe juu ya sijui nini. Niliipaka, na dakika ishirini hazijaisha rangi ikajikunja, nikaibambua kama ganda la kiazi kilichoiva. Mbao ya baba ikatokeza. Machozi yalinilengalenga.

Sasa huyo kijana. Mwezi uliopita hivi, au kabla yake kidogo, niliingia duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu. Akanimiminia lita moja kwenye chupa ya maji ya kunywa. Haina karatasi, haina jina. Nikamuuliza, "Kijana wangu, hii inatumiwaje? Nivae nini?" Macho hayakutoka kwenye simu. "Mama, unapaka, unakwangua. Kama unaogopa, tafuta fundi." Wateja wakacheka. Nimefundisha watoto miaka mingi kusoma maelezo kabla ya kugusa kitu. Pale maelezo ya kusoma yalikuwa wapi?

Nikajifungia stoo ili harufu isiwasumbue wajukuu. Nikapiga magoti kwenye droo za chini, barakoa ya vumbi usoni, glavu za hospitali mikononi. Glavu zikalegea, zikachanika, vidole vikawaka kama nimeshika pilipili. Kisha kichwa kikazunguka. Binti yangu alinikuta nimeegemea ukuta siwezi kujibu, akanikokota hadi uani.

Fundi mmoja wa samani kule Kibuye ndiye aliyenionyesha mkebe wa dawa kama hiyo, umeandikwa methilini kloraidi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatulia chini, palepale nilipokuwa nimepiga magoti. Barakoa ya vumbi haiuzuii hata kidogo. Ukiuvuta, mwili unaugeuza kuwa kaboni monoksaidi, hewa ileile ya jiko la makaa inayoua watu usingizini! Marekani waliacha kuwauzia watu wa kawaida rimuva ya aina hiyo tangu 2019. Mimi nimeuziwa kwenye chupa ambayo mjukuu wangu angeweza kuinywa.

Maneno matano tu yangetosha: "Mama, fanyia nje kwenye upepo." Yasingemgharimu hata senti.

Nilikuwa nimepanga kuisifu bidhaa na kulilaumu duka, basi. Lakini nikikumbuka sura ya binti yangu siku ile, siwezi kumwambia mtu yeyote ainunue, hata kama mbao inang'aa namna hii. Labda fundi mwenye vifaa vyake na karakana iliyo wazi pande zote. Wewe wa nyumbani, hapana.

Droo mbili bado ni za kijani. Fundi wa Kibuye anakuja kuzichukua Jumamosi, na chupa iliyobaki amesema nisiimwage mtaroni; imefungwa, iko juu ya kabati la nje, mbali na jiko na mbali na watoto, na nimeiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: SUMU.