Ukulele mbili za koa, picha moja, rangi mbili

Tulifungua maboksi mawili kwa pamoja, mimi na mdogo wangu, na kwa muda hakuna aliyesema neno. Ukulele yake, gitaa dogo la nyuzi nne, ilikuwa kahawia iliyokolea, yenye wekundu kwa mbali na michirizi myeusi iliyonyooka. Yangu ilikuwa na rangi ya asali, tena yenye mstari mweupe wa upana wa kidole ulioshuka pembeni mwa uso wote, kutoka begani hadi chini. Aina ile ile, saizi ile ile ya tenori, duka lile lile la mtandaoni, oda moja. Na ile picha iliyotufanya tulipe haikufanana na hata moja kati ya hizo mbili.

Tunaimba pamoja tangu tukiwa wadogo. Nilitaka tukisimama mbele ya watu vyombo vyetu vionekane pacha, ndiyo maana niliagiza mbili kwa mpigo. Koa niliitamani kwa miaka. Ni mti unaoota kiasili Hawaii peke yake, na ndio uliotumiwa na mafundi samani watatu waliofika Honolulu mwaka 1879 kwa meli ya Ravenscrag kutoka Madeira: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walikuta mbao hiyo, wakaitumia kutengeneza vinanda vidogo vya nyuzi nne vya kwao, na humo ukulele ikazaliwa. Sikutaka mbao nyingine.

Jioni ile ile niliwaandikia dukani. Sikuficha hasira: niliwaambia nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Jibu lilikuja asubuhi, la upole: “Pole sana, dada. Picha ya kwenye ukurasa ni ya mfano. Koa ni mti, na kila ubao huja na rangi yake.” Nikarudi kwenye ukurasa. Kweli ilikuwa imeandikwa, chini kabisa, baada ya vipimo na aina ya nyuzi, kwa herufi ndogo. Hapo ndipo duka hili linapopoteza nyota moja kwangu, na sitairudisha. Neno kama hilo lilipaswa kukaa chini ya picha yenyewe, mahali ambapo jicho la mnunuzi linatua.

Lakini waliyosema ni kweli, na mimi sikuyajua. Katika gogo la koa mna rangi kuanzia njano hafifu, dhahabu, wekundu, hadi kahawia nzito. Udongo, mwinuko wa mahali mti uliposimama na umri wake vyote vinachangia. Ule mstari wangu mweupe ni sehemu ya nje ya shina, iliyo karibu na gome, ambayo bado ilikuwa hai na kupitisha maji siku mti ulipokatwa. Sehemu ya ndani, kiini, imeshajaa vitu vinavyoipa rangi na kuikinga na wadudu. Fundi akikata ubao kwenye mpaka wa sehemu hizo mbili, unapata uso wa asali wenye utepe mweupe. Si ugonjwa wala si mbao ya daraja la chini. Wapo wanaoutafuta mstari huo kwa makusudi.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa jingine. Uso wa ukulele yangu ni vipande viwili vilivyounganishwa katikati, na nusu ya kushoto ilikuwa nyeusi kuliko ya kulia. Niliamini kwa moyo wote kwamba wameunganisha mbao za miti miwili tofauti. Niliandika lalamiko la pili, na kabla ya kulituma nikaipeleka ukulele dirishani niipige picha ya ushahidi. Nikaigeuza kichwa chini ili mwanga uingie vizuri. Nusu iliyokuwa nyeusi ikawa nyeupe, na ile nyeupe ikawa nyeusi.

Nililifuta lalamiko nikakaa nayo pale dirishani karibu saa nzima, nikiigeuza huku na huku. Fundi anachukua ubao mmoja, anaupasua katikati ya unene wake na kuufungua kama kitabu, kisha anaunganisha kurasa hizo mbili ubavu kwa ubavu. Ndiyo maana michirizi ya kushoto ni kivuli cha ile ya kulia. Ila nyuzi za ndani ya mbao ni nadra kulala sambamba kabisa na uso wa ubao. Ukishaufungua, za upande mmoja zinainamia kwako na za upande wa pili zinakupa kisogo. Upande mmoja unarudisha mwanga, mwingine unaumeza. Aliyewahi kupapasa kitambaa cha mahameli anaijua hali hii: mkono ukienda huku kinang'aa, ukirudi kinafifia, na kitambaa ni kile kile. Mawimbi ya koa yanayoonekana kutembea ukiinamisha chombo yanatokana na jambo hilo hilo, nyuzi zinazopanda na kushuka ndani ya mbao. Hakuna picha inayoweza kukuonyesha mwendo huo. Ningeomba kila duka linalouza koa liweke video fupi ya chombo kikigeuzwa taratibu mbele ya dirisha.

Na hata picha ya chombo chenyewe inadanganya kidogo. Balbu ya mwanga wa njano inaongeza wekundu, kivuli kinaleta ubluu, kamera ya simu inajirekebishia rangi bila kukuuliza, na kioo chako nacho kina yake. Vanishi inayong'aa huikoleza rangi, kama mbao iliyoloweshwa maji. Vanishi isiyong'aa inaiacha ionekane kavu na nyepesi. Ubao mmoja ukipakwa nusu kwa hii na nusu kwa ile unaweza kudhani ni mbao mbili.

Narudi kwa duka, maana kuna jambo walilolifanya vizuri sana. Walikubali kunibadilishia bila maneno mengi. Nikawaomba picha za zote zilizobaki, zipigwe mchana, karibu na dirisha, zote kwa pamoja ili nilinganishe. Siku iliyofuata nikapata picha ya ukulele sita zimepangwa mstari. Hakuna mbili zilizofanana! Moja ilikaribia weusi wa ile ya mdogo wangu, ila haikuwa na mawimbi hata kidogo. Nikamwonyesha. Akaniambia, “Dada, mimi hii yangu sirudishi, na wewe yako umeshaanza kuipenda, sema ukweli.” Nilisema ukweli. Nikabaki nayo.

Ningeomba picha kama hiyo kabla ya kulipa, habari hii isingekuwepo. Ombi lilikuwa dogo na walilitimiza kwa siku moja. Kama unataka mbili zinazofanana, waambie mapema wakuchagulie jozi, au nunua ya mahogani, ambayo kwa kawaida haitofautiani sana ubao kwa ubao. Mwembe usiuguse kwa kuagiza kama huwezi kuvumilia mshangao: mbao yake inaweza kuja njano, kijani, hata na mistari myeusi iliyochorwa na kuvu kabla haijakauka. Ni mizuri mno, lakini haiagiziki kwa picha ya mfano.

Rangi usiichanganye na kasoro, lakini kasoro nazo zipo. Nilizikagua zote mbili kwa kidole na kwa tochi: ufa kwenye maungio ya katikati, daraja linaloshika nyuzi kuachia uso, gundi iliyomwagika ndani, vanishi yenye mapovu. Sikukuta chochote. Nilitazama pia ukingo wa tundu la sauti. Michirizi ya juu inapinda na kuendelea ndani ya unene, kwa hiyo ni mbao kamili na si plaiwudi iliyovishwa ngozi ya koa, kama walivyotangaza.

Sauti? Yangu inaitikia haraka, ya mdogo wangu ina uzito zaidi kwenye uzi wa C. Hilo silipi rangi sifa yake. Ugumu wa ubao, wepesi wake na unene ambao fundi ameuacha ndivyo vinavyosema, na ubao mweusi na mweupe vinaweza kuwa sawa katika hayo yote. Nyota nne kati ya tano, na nyota hizo nne natoa kwa mikono miwili.

Imepita miezi minane. Mdogo wangu huihifadhi yake kwenye kasha. Yangu hukaa kwenye stendi chumbani, mwanga unaifikia. Wiki iliyopita nilibandua stika ndogo yenye jina langu niliyoiweka mgongoni siku ya kwanza, na chini yake nikakuta mstatili wa rangi ya asali kama siku tulipofungua boksi. Kuizunguka, mbao yote imeshakolea. Stika sijairudisha, nataka pale napo papate mwanga.