Matembezi ya Posta na sanamu ya Askari

Jumamosi nililipa shilingi 15,000, mwanangu bure, tukazungushwa mjini kwa miguu. Tulianzia Mnara wa Saa, wa mwaka 1961 Dar ilipopata hadhi ya jiji. Hapo hatukukaa, honi zilimmeza mwongozaji.

Utamu ulikuwa kwenye sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora. Miaka yote nakatisha pale na mabunda ya vitenge kichwani, sijawahi kumtazama usoni. Kumbe yumo katika kushambulia: mwili umeinamia mbele, singe, kisu cha mdomo wa bunduki, inaelekea bandarini. Aliwekwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake pale ilisimama sanamu ya Mjerumani, von Wissmann, gavana wa enzi za ukoloni wao. Waingereza walipouteka mji wakamng'oa. Maandishi yako kwa Kiingereza na Kiswahili cha kizamani, pia kwa herufi za Kiarabu, nikayasoma kwa kidole kama mtoto wa chekechea.

Mwanangu akauliza, "Mama, wapagazi wako wapi?" Mwongozaji akakohoa, "Swali zuri hilo, mdogo wangu," akavuka barabara. Nairobi kuna sanamu ya namna hiyo yenye watu watatu, mpagazi yumo. Kwetu yuko askari peke yake.

Kasoro: waandaaji walichelewa dakika 40, na maji waliyoahidi hatukuyaona. Tulijinunulia madafu. Ningewapa nyota tatu, ya nne ni ya yule askari. Mkienda, ombeni Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache mnaweza kusogea hadi kwenye maandishi.