Maktaba ya kura za Umoja wa Mataifa: ushahidi wa bure kwa mdahalo, ukijua kuusoma

Klabu ya midahalo ya sekondari yoyote hapa Kigoma ikipewa mada ya vita vya Ukraine, hoja ya kwanza huwa ileile: Tanzania haina upande. Hoja hiyo inataka ushahidi, na ushahidi upo digitallibrary.un.org, Maktaba ya Kidijitali ya Umoja wa Mataifa. Hulipi chochote wala hujisajili. Ukurasa wa kura hauna picha, kwa hiyo bando dogo linatosha. Kinachokula bando ni mafaili ya PDF ya vikao.

Usitafute kwa neno "Ukraine", utamwagiwa barua, rasimu na ripoti mpaka uchoke. Andika namba ya azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa jinsi ilivyo, kwa mfano A/RES/ES-11/3, halafu katika matokeo fungua lile lenye maandishi Voting Data. Utaona tarehe, jumla ya kura, na orodha ya nchi. Mbele ya jina, Y ni ndiyo, N ni hapana, A ni kujizuia. Jina lisilo na herufi yoyote mbele yake ni la nchi ambayo haikupiga kura kabisa.

Azimio hilo la 7 Aprili 2022, la kuisimamisha Urusi katika Baraza la Haki za Binadamu, ndilo mwalimu aanze nalo, maana Ziwa Tanganyika lote limo. Kongo ina Y. Burundi ina N. Tanzania ina A. Zambia haina kitu. Nchi nne zinazochota maji ya ziwa moja, alama nne tofauti kwa vita moja ya mbali. Sasa fungua A/RES/ES-11/1 ya 2 Machi mwaka huohuo, iliyolaani uvamizi: Kongo na Zambia Y, Burundi na Tanzania A. Baada ya wiki tano tu Burundi imetoka kujizuia ikaenda hapana, na Zambia imetoka ndiyo ikaenda kimya. Mwanafunzi akiziona karatasi hizi mbili zimelazwa pamoja mezani, hatasema tena "Afrika ilikaa pembeni" kana kwamba bara zima ni mtu mmoja.

Makosa huanzia kwenye majina. Orodha inafuata alfabeti ya Kiingereza, na jina letu linaanza na United Republic, kwa hiyo ukiitafuta Tanzania kwenye T utadhani haikuwepo. Kongo ya ng'ambo, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iko kwenye D, na kura zake za miaka ya Mobutu, kuanzia 1971 hadi 1997, ziko kwa jina la Zaire.

Kosa baya zaidi ni kujumlisha A na nafasi tupu. Aprili ile matokeo yalikuwa 93 ndiyo, 24 hapana, 58 kujizuia. Hiyo ni 175, na wanachama ni 193, kwa hiyo 18 hawakupiga. Azimio lilihitaji theluthi mbili, lakini wanaojizuia hawaingii kwenye hesabu hiyo: unachukua 93 na 24, unapata 117, na theluthi mbili yake ni 78. Lilipita kwa nafasi kubwa. Mzungumzaji anayegawa 93 kwa 193 na kutangaza kwamba dunia ilikataa ameshaupoteza mdahalo.

Udhaifu wa huduma hii ni mmoja, na ni mkubwa: inakupa herufi, haikupi sababu. Ukitaka sababu, lazima ushuke kwenye kumbukumbu ya kikao, yenye alama PV, usome maelezo ya wajumbe kabla na baada ya kura. Humo pia ndimo utakuta tanbihi za wajumbe waliosema baadaye kwamba walikusudia kupiga vingine. Pakua mara moja, hifadhi kwenye flashi, igawe. Lugha ni sita za Umoja wa Mataifa na Kiswahili hakimo, jambo linalouma kwa watu wengi kiasi hiki wanaokizungumza, basi tenga saa nzima ya kutafsiri na wanafunzi.

Tena usitarajie kila uamuzi wa kuchagua upande uwemo. Tanzania iliitambua Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, tarehe 13 Aprili 1968, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria, lakini kutambua nchi ni tamko la serikali, si kura ya Baraza Kuu. Na mfano ulio karibu kuliko yote ni wa zamani kuliko Umoja wenyewe: Agosti 1914 Ubelgiji ilitaka koloni lake la Kongo lisiingizwe kwenye Vita Kuu ya Kwanza, mpaka meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilipoishambulia Lukuga, Kalemie ya leo, tarehe 22. Hiyo mwalimu ataieleza akisimama na darasa ufukweni, akiwaonyesha upande wa pili wa ziwa.

Kwa mdahalo, nyota nne kati ya tano.