Sindano za mikunjo ya uso: kwangu zimekaa muda gani na zinavyoisha kidogokidogo

Kila mtu akijua nimechoma sindano za kulegeza mikunjo swali la kwanza ni hilohilo, zinakaa muda gani? Jibu la haraka ni miezi mitatu mpaka minne, daktari atakwambia hivyo na mimi kwangu imekuwa humohumo, ila hilo jibu halitoshi kabisa maana linakufanya udhani dawa inakaa miezi yake alafu siku moja unaamka imeisha. Haiishi hivyo jamani. Inaisha sehemu moja kwanza, nyingine baadae, na kama hukuambiwa mapema utaanza kulalamika umepunjwa wakati dawa bado inafanya kazi.

Mimi shida yangu ilikuwa ndita, ile mistari miwili ya kusimama katikati ya nyusi, yangu ilikuwa imekaa hata nikiwa nimetulia zangu tu watu wananiuliza nani kakuudhi, na hiyo ilikuwa inaniumiza sana kwa sababu mi si mtu wa hasira. Nikachoma Botox, ambayo ni jina mojawapo la dawa hizi, kwenye ndita na paji la uso na ile mistari ya pembeni mwa macho inayotoka ukicheka. Daktari alinikalisha, akaniambia kunja uso, haya cheka, pandisha nyusi, huku anaweka vidoti kwa kalamu nyeupe, na hapo ndo nikaona kumbe nyusi yangu ya kushoto inavuta zaidi ya kulia, miaka yote sijawahi kugundua. Sindano yenyewe ni nyembamba mno. Pale karibu na nyusi inauma kweli, machozi yanatoka yenyewe, sehemu zingine unasikia kama unafinywa tu. Vikabaki vivimbe vidogo kama umeumwa na mbu, na muda si mrefu vikashuka. Nikaambiwa nisilale kwa saa nne na nisisugue uso, basi, nikaondoka.

Sasa siku hiyo hamna kitu. Kesho yake hamna kitu pia, uso ni uleule, na hapa ndo wengi wanakata tamaa. Huwa inaanza kuonekana baada ya siku tatu nne hivi na inakolea ikifika wiki mbili, kwa hiyo kabla ya wiki mbili usipige simu kliniki kudai uongezwe. Mi niliijua imeshika siku nasoma ujumbe kwenye simu wenye maandishi madogo, nikataka kukunja uso kama kawaida yangu, nyusi zikakataa. Nikaenda kwenye kioo nikajaribu tena kwa nguvu zote, katikati pametulia tuli.

Kwa nini isidumu milele? Dawa yenyewe inatokana na bakteria anaitwa Clostridium botulinum, ni sumu kweli lakini iliyosafishwa na kutumika kwa kiasi kidogo sana. Msuli hukaza pale mshipa wa fahamu unapoupelekea kemikali inaitwa asetilkolini, sasa hii dawa inaingia kwenye ncha ya mshipa na kukata protini inayosaidia kuitoa hiyo kemikali, amri haifiki, msuli unalegea. Mshipa haufi. Unaendelea kuishi, unachipua vincha vipya na baadae ile ncha ya zamani nayo inarudi kazini, na hiyo kazi ya kujirekebisha ndo inakula hiyo miezi. Mi nilipoelezwa hivi nikatulia, kwa sababu hofu yangu kubwa ilikuwa uso usije ukabaki hivyo moja kwa moja.

Haya, kuisha. Kwangu pembeni mwa macho palianza, nikaona kwenye picha niliyopigwa nacheka kuna mistari miwili mitatu imerudi, miembamba, na hapo mwezi wa tatu ulikuwa haujaisha. Paji la uso likafuata, kwanza upande mmoja, nikipandisha nyusi kipande cha juu kabisa kinajikunja na cha chini kimelala. Ndita zikawa za mwisho, zimeenda mpaka mwezi wa nne unaingia. Na kitu ambacho sikutegemea ni kwamba uwezo wa kukunja uso ulirudi kabla ya mistari yenyewe, yaani nikikunja panajikunja lakini nikiachia panalainika, ile alama iliyokuwa imeganda haikuwepo. Kwa hiyo mi sihesabu siku msuli ulipoanza kutikisika, nahesabu siku mistari iliporudi nikiwa nimetulia, na kwa hesabu hiyo dawa imekaa zaidi ya nilivyoahidiwa. Nawashauri na nyie mhesabu hivyo. Piga picha kabla ya kuchoma, umetulia na umekunja, mwanga uleule, la sivyo baada ya miezi hukumbuki ulikuwaje.

Kuna wanaokimbilia kurudia kila wakiona msuli unatikisika, hapana, subirini. Inatakiwa ipite angalau miezi mitatu kati ya mchomo na mchomo, na sababu mojawapo ni kwamba ukichoma mara kwa mara na dozi kubwa mwili unaweza kutengeneza kinga dhidi ya dawa ikaacha kukushika, ni nadra ila ipo.

Na msilinganishe yuniti, yaani kipimo cha dozi, ovyo. Kwa Botox dozi iliyoidhinishwa Marekani kwa ndita ni yuniti 20 zikigawanywa sehemu tano, pembeni mwa macho ni 24 kwa pande zote mbili, paji la uso 20. Dysport, dawa nyingine ya aina hiihii, kwa ndita hizohizo ni 50, na haimaanishi aliyechomwa 50 kapewa nyingi kuliko wewe wa 20, vipimo vyao ni tofauti kabisa. Ila ukichomwa ndogo mno kwa dawa ileile itaisha mapema, kwa hiyo kama yako imekata wiki ya sita uliza kwanza uliwekewa yuniti ngapi. Ni haki yako kuonyeshwa kichupa, kusoma jina la dawa na kuandikiwa kiasi. Anayekataa kukuonyesha kichupa mwache, uso ni wako na dawa feki za aina hii zipo.

Ya kukaa muda mrefu zaidi ipo, inaitwa Daxxify, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022, kwenye majaribio yake ya ndita nusu ya watu walifika kama miezi sita. Inavutia, lakini kwa mtu anayechoma mara ya kwanza mi naona aanze na ya muda mfupi, maana kama hutapenda uso wako ulivyokaa ni afadhali usubiri mitatu kuliko sita.

Nisichokipenda ni uzito wa paji la uso. Wiki za mwanzo nyusi zilikuwa kama zimeshuka na nikijipaka wanja naona jicho limekuwa dogo, na sababu ni kwamba msuli wa paji ndo unaoinua nyusi, ukilegezwa sana hamna wa kuzinyanyua. Kichwa nacho kiliniuma kidogo siku ile. Wengine kope inashuka kabisa, inarudi yenyewe baada ya wiki kadhaa lakini mwambie daktari. Ukiona shida kumeza, kuongea au kupumua, hata kama zimepita wiki, kimbia hospitali hapohapo. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli kama myasthenia gravis hii si ya kwao.

Nitarudia? Ndiyo, kwa ndita bila kusita, maana kuacha kuulizwa kama nimekasirika kumenipa amani ambayo siwezi kuielezea. Pembeni mwa macho nimeamua kuacha, hiyo mistari naipenda nikicheka na ndo sehemu ambayo dawa inaisha haraka kuliko zote. Paji la uso daktari tumekubaliana apunguze dozi hata kama litawahi kuisha, ndita abaki na kipimo kilekile.